Kimya Kilichomkuta Dorotea Majini

Dorotea wa Mofu anaogopa maji. Ninaliandika jambo hili mwanzoni kwa sababu watu wengi waliovushwa naye hawatalisadiki. Kwa masika ishirini na mawili mfululizo, mto Kilombero unapofurika na kuingia mbugani, yeye ndiye anayewavusha wakulima kutoka ukingo wa kijiji hadi kwenye mashamba ya mpunga, ambako huishi katika madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakilinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Amevusha magunia, mbuzi, baiskeli, padre pamoja na vyombo vyake vya misa, na mara tatu amevusha wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Wote humwona ameketi wima nyuma ya mtumbwi, kafi mkononi, uso umetulia, nao hudhani kwamba ni mwanamke jasiri.

"Mwalimu," aliniambia mwaka huu, "mimi sijapata kuingia majini bila kuogopa. Hata siku moja."

Alizaliwa Kivukoni, zamani daraja lilipokuwa halijafikiriwa na watu wakivuka kwa pantoni na mitumbwi. Baba yake alikuwa mpiga kafi. Dorotea alipokuwa na umri wa miaka tisa, kaka yake Beatus aliingia mtoni hadi magotini kuosha mtumbwi wa baba yao. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, na Dorotea alikuwa amesimama ukingoni ameshika ndoo. Aliinama kuokota kata iliyomponyoka, akainua uso, na Beatus hayupo. Hakusikia kilio wala kishindo cha maji. Mto ulikuwa umejifunga kama mlango. Wakubwa walijua ni mamba; walipomuuliza alichokisikia, alijibu kwamba hakusikia kitu, na jibu hilo ndilo alilokua nalo.

Aliolewa Mofu na Theodori, mtu mpole, fundi wa kuchonga. Theodori ndiye aliyeuchonga mtumbwi ninaousimulia hapa. Aliutoa katika gogo moja la mvule, urefu wake hatua tisa za mtu mzima, kwa shoka na tezo, kiangazi kizima. Alipofariki kwa kiharusi, mtumbwi huo ndio uliombakia Dorotea, na ndio uliomlishia watoto. Mivule minene kiasi kile haipo tena karibu nasi, na iliyosalia haikatwi bila kibali. Mtumbwi ule ukipasuka, Dorotea hatapata mwingine. Na asipokuwa na mtumbwi, masika yakija, watu wa upande wetu wa kijiji watabaki ukingoni wakiyatazama mashamba yao ng'ambo ya maji.

Ndiyo maana kila mwaka, mwishoni mwa Juni, maji yanaporudi mtoni, hana budi kuulaza.

Sisi husema mtumbwi hulazwa. Ukiachwa juani, ubao hukauka na kupasuka kabla ya Septemba. Ukiwekwa chini ya paa, mchwa huula. Hivyo huzamishwa katika dimbwi lisilokauka, nao hulala humo mpaka mvua za Desemba. Lakini mvule huelea, na bonde letu halina mawe. Mtu aweza kulima maisha yake yote asigonge jiwe kwa jembe. Kwa hiyo tunatumia viroba vilivyojazwa udongo wa kichuguu. Mtumbwi hupakiwa viroba vinane ukingoni, husukumwa mpaka maji yafike kifuani, hutikiswa mpaka unywe maji na kuzama, kisha hufungwa kwa vigingi vinne, viwili mbele na viwili nyuma, vikiwa vimepishana juu yake, ili viboko wasiuinue. Mwisho, kamba yake hufungwa kwenye mti. Dorotea huulaza katika dimbwi la Mikuyuni, mwendo wa robo saa kutoka kijijini.

Kazi hii hufanywa na watu wawili. Mmoja huingia majini. Mwingine husimama ukingoni na kuyapiga maji kwa ubapa wa kafi, pa, pa, pa, bila kukatiza, huku macho yake yakizunguka dimbwi. Watu husema mpigo humfukuza mamba. Mimi siwezi kuapa kwamba ndivyo. Ninachokijua ni kanuni aliyoiweka Theodori: maadamu unausikia mpigo, fanya kazi, mpigo ukinyamaza, toka, usiulize, usipige kelele, usigeuke kutazama. Mtu mmoja aliwahi kumwuliza kwa nini mpigaji asipaze sauti tu. Theodori alijibu kwamba mtu akishtuka, mkono husimama kabla mdomo haujafunguka, na sauti huweza kukwama kooni, lakini kimya hakikwami.

Mwenye chombo ndiye anayekilaza, maana ndiye atakayekiinua. Lakini hiyo siyo sababu pekee ya Dorotea kuingia majini. Theodori alipokuwa hai alimjaribu kwenye kazi ya kupiga. Kila jani lililoelea, kila kiputo, Dorotea alisimamisha mkono, na Theodori akatoka mbio. Asubuhi moja alitoka mara saba. Mara ya saba aliketi ukingoni akicheka mpaka machozi, akasema, "Mke wangu, afadhali wewe uingie, mimi nipige." Tangu siku hiyo amekuwa akiingia yeye, na baada ya kifo cha Theodori mpigaji ni Evod, mdogo wa marehemu, mtu wa miaka hamsini na miwili mwenye macho makali na maneno mengi.

Mwaka huu walikwenda Jumanne. Kwa siku tatu kabla yake Dorotea alikuwa amelizunguka dimbwi asubuhi na jioni akisoma tope. Mamba akiingia dimbwini huacha alama ya tumbo lake, mfereji laini kama wa gogo lililokokotwa. Hakuiona. Hata hivyo, usiku wa kuamkia Jumanne hakulala vizuri, naye alifika Mikuyuni akiwa amekwisha kumkasirikia Evod kabla Evod hajasema neno.

"Hicho kiroba umekifungaje?" alimwuliza walipokuwa wanapakia. "Kamba imelegea kama kilemba cha mlevi."

"Shemeji, tangu tumefika unanitazama mimi, maji huyatazami. Wala usihofu. Mamba akikuona ulivyokonda atapita zake, atangoja mwenye nyama."

"Mwenye nyama ni wewe. Ndiyo maana kila mwaka unasimama nchi kavu."

"Nani alitoka mara saba kwa ajili ya jani?"

"Aliyetoka ni kaka yako. Mimi nilikuwa nimesimama." Akakaza fundo kwa meno, kisha akaanza maswali ambayo humwuliza kila mwaka, kwa mpangilio uleule, kama ya katekisimu. "Ukiona kitu?"

"Naacha kupiga."

"Utaniita?"

"Sikuiti."

"Utapiga kelele?"

"Sipigi kelele. Ingia, shemeji, jua linapanda."

Dorotea alichovya vidole viwili dimbwini, akafanya ishara ya msalaba kama mtu anayeingia kanisani, akausukuma mtumbwi. Evod akaanza kupiga.

Sasa sina budi kujitaja, kwa sababu jambo lililotokea lilitokana nami.

Nilikuwa natoka shambani kwangu, nikisukuma baiskeli yenye pancha. Njia ya Mikuyuni hupita upande wa juu wa dimbwi, hatua kama thelathini kutoka majini, na matete hulificha dimbwi lote isipokuwa kwenye uwazi mmoja mwembamba. Niliusikia mpigo tangu mbali. Ulikuwa msimu wa kupura mpunga, na masikio yangu yaliniambia kwamba kuna mtu anapura. Nilipofika kwenye uwazi nilimwona Evod, naye akaniona.

Evod alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nne. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na saba, na miongoni mwa mambo niliyoyasisitiza ni kwamba mtu hamsalimu mkubwa wake akiwa na kitu mkononi, wala hamjibu akiwa amempa mgongo. Niliwachapa watoto kwa kosa hilo. Nilimchapa Evod.

Alilaza kafi kwenye majani, akafuta viganja kwenye suruali, akapanda hatua tano au sita kunielekea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Evod. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, Mwalimu. Sijui huko utokako."

"Huko ni kwema. Mama watoto?"

"Mzima kabisa."

"Mmeshapura?"

"Bado kidogo, Mwalimu. Kipande cha chini kina maji mpaka leo."

Nikamwambia kwamba hata changu kina maji, na kwamba mwaka huu mto umechelewa kurudi. Nilisema mengine pia. Nimejaribu kuyakumbuka na kuyapima: salamu zetu hazikupungua dakika moja na nusu.

Yaliyotokea majini katika muda huo nimeyasikia kutoka kwa Dorotea mwenyewe, mara mbili, na mara zote mbili alinisimulia bila kubadilisha neno.

Mtumbwi ulikuwa umezama vizuri kuliko alivyotarajia, lakini ulipokuwa unashuka, upande wa nyuma ulimgeukia na kutua juu ya mguu wake wa kushoto, kupita kifundo. Hakuumia. Chini kulikuwa na udongo mweusi mlaini, nao mguu ulididimia kama uliokandamizwa na mkono. Alijiambia kwamba atausukuma mtumbwi kwa bega, na asipoweza atamwita Evod aje. Alikuwa anavuta pumzi ili asukume.

Mpigo ukanyamaza.

Maji yalikuwa yamemfika kifuani. Uso wake ulielekea katikati ya dimbwi, mgongo ukaelekea ukingoni, na mguu ulimzuia kugeuka. Alingoja pigo lifuate, kama mtu anayengoja kengele ya pili ya misa. Halikufuata. Aliona maji mbele yake ni meupe na matulivu, hana cha kuogopa mbele. Kwa hiyo, alijiambia, mamba yuko nyuma. Yuko kati yangu na ukingo. Evod amemwona, mkono umesimama, naye ananitii: haniiti.

Alitaka kupiga kelele, asithubutu. Alivuta mguu, ukakataa. Akaanza Salamu Maria moyoni, akafika "sasa na saa ya kufa kwetu", asiweze kuendelea. Akairudia tangu mwanzo, akakwama mahali palepale. Anasema hapo hakumfikiria mamba hata kidogo. Alifikiria ndoo aliyokuwa ameishika siku ile ya Beatus, rangi yake ya bluu na mshikio uliokuwa umekatika upande mmoja.

Kiunoni alikuwa na kisu kidogo cha kamba. Alijua la kufanya: viroba vitatu vilikuwa upande wa nyuma, akikata viwili na kuumwaga udongo wake, mtumbwi utapungua uzito na mguu utatoka. Lakini viroba vilikuwa chini ya maji, na mkono wake haukuvifikia bila kuzamisha kichwa. Kuzamisha kichwa, na kitu kiko nyuma yake, na kimya kile juu yake. Alisimama, anasema, muda ambao hawezi kuukadiria. Kisha akafumba mdomo na kuingia.

Alifungua macho asione kitu ila rangi ya chai kavu. Alipapasa kiroba, akakata kamba, akaanza kuuchota udongo kwa vidole. Alipopanda kuvuta pumzi alitega sikio: kimya. Akashuka tena, na safari hii kitu kirefu kikampita kwenye paja, polepole. Alimaliza kiroba kile hivyo hivyo, hakukitazama kitu kile, kwa sababu, anasema, kukitazama kusingemsaidia chochote. Baadaye tulikitambua kuwa ni kamba ya mtumbwi wake mwenyewe.

Juu njiani mimi nikauliza, "Na shemeji yako, mama Dorotea, hajambo?"

Evod alifungua mdomo kujibu, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Yumo majini," alisema. "Mwalimu, yumo majini. Tunalaza mtumbwi."

Aligeuka na kukimbia. Nikaiangusha baiskeli, nikamfuata kupitia uwazi wa matete, na hapo nikaona dimbwi lote. Kichwa cha Dorotea kilikuwa juu ya maji, hatua kumi na tano hivi kutoka ukingoni, kitambaa kimemtoka, naye amepinda shingo kututazama. Nyuma yake, kutoka matete ya ng'ambo, mstari mwembamba ulikuwa unayapasua maji kuja upande wetu, na kwenye ncha ya mstari kulikuwa na vinundu viwili vyeusi vilivyokaribiana.

Kimya kilichokuwa cha uongo kilikuwa kimekuwa cha kweli tukiwa tunaulizana habari za mpunga.

Evod alikuwa ameliokota kafi na kuliinua.

"Piga!" nilimwambia. "Piga maji, Evod!"

Hakupiga.

"Nakuambia piga!"

"Hapana, Mwalimu." Hakunitazama aliponijibu. "Nikipiga, shemeji atajua ni salama. Atabaki."

Katika miaka yote tangu darasa la nne hakuwahi kunijibu hivyo, na alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimekosea mara mbili katika asubuhi moja. Aliingia dimbwini amelishika kafi kama mkuki, bila kulipigisha popote, akatembea kumwendea.

Dorotea alimwona akija. Aliyaona macho ya Evod yakitazama nyuma ya kichwa chake, kuelekea katikati ya dimbwi, na hapo akaelewa kwamba alikuwa amekosea upande: hatari haikuwa ukingoni. Ilikuwa mgongoni mwake sasa, alipokuwa amejipinda kututazama sisi. Akijua hivyo, alizamisha kichwa mara ya tatu.

Sikumwona tena. Nilimwona Evod akifika pale alipokuwa, maji kifuani, na vinundu vile vikizama, taratibu, kama vinavyosukumwa na kidole, hatua kama kumi zaidi ya mtumbwi. Dimbwi likalala laini. Evod aliingiza mkono chini ya maji, akashika alichokishika, akavuta, akavuta tena, na Dorotea akatoka akikohoa, kisu bado mkononi. Walirudi kinyumenyume. Mimi nilikuwa nimeingia mpaka magotini na kunyoosha mkono, na kwa kuwa ninaandika ukweli, nitasema kwamba mkono huo haukumsaidia mtu.

Walipokuwa wamefika kwenye tope, ncha ya nyuma ya mtumbwi ilitikisika mara moja. Sisemi kwamba mamba aliigonga. Yawezekana ni mtumbwi wenyewe uliopunguzwa uzito ukijiinua. Hatukuona zaidi ya hapo.

Dorotea aliketi kwenye majani. Ngozi ya kifundo ilikuwa imechubuka yote, na damu ilitiririka ikichanganyika na udongo mweusi. Neno lake la kwanza alimwambia Evod.

"Ulimwona tangu lini?"

Evod akainamisha kichwa, akanitazama mimi.

"Hakumwona," nilisema. "Alikuwa ananisalimu."

Dorotea alinigeukia. Kisha, kwa kuwa alikuwa hajanisalimu, alisema, "Shikamoo, Mwalimu."

Nilishindwa kuitika.

Mtumbwi ulibaki kama ulivyokuwa. Nyuma yake ilikuwa imeinuka kutoka kwenye udongo, na ncha yake ilichomoza juu ya maji kiasi cha dhiraa moja na nusu, bila kigingi, kwenye jua. Jumatano Dorotea alikwenda kuutazama kutoka njiani, akichechemea. Alhamisi aliona mstari mweupe kwenye ncha hiyo ambao haukuwapo jana yake, mwembamba kama uzi: ubao umeanza kupasuka. Upande wa pili wa dimbwi, kwenye tope, kulikuwa na mfereji laini wa tumbo. Mamba alikuwa amehamia Mikuyuni kutoka dimbwi lililokauka, usiku uleule wa kuamkia Jumanne, baada ya Dorotea kusoma tope jioni.

Jioni hiyo ya Alhamisi nilikwenda nyumbani kwake. Evod alikuwapo.

"Niingie mimi," Evod alisema. "Vigingi vinne tu, na viroba viwili. Sitakawia."

"Ukiingia wewe, nani atapiga?" Dorotea alimwuliza. "Mimi?"

Nikajua wote wawili wanakumbuka zile mara saba.

"Nitapiga mimi," nilisema.

"Wewe, Mwalimu, utasalimiwa."

Evod alicheka kwa pua, akajizuia. Dorotea hakucheka. Alikuwa anautazama mguu wake uliofungwa kitambaa.

"Ubao ukishafunguka haufungiki," alisema. "Nataka kuuacha, Mwalimu. Usiku kucha nimejiambia niuache. Halafu nafikiri, masika yakija, mtu ana uchungu yuko dunguni, nitamwambia nini? Nilimwogopa mamba mmoja? Namwogopa sana. Nitakuambia kazi yako. Kesho utasimama njiani. Mtu asipite akasalimia. Mtu yeyote. Na wewe utaligeuzia dimbwi mgongo, maana ukiona kitu utasema, nakujua."

Ijumaa saa nne asubuhi nilisimama njiani, mgongo kwa dimbwi. Niliusikia mpigo ukianza. Jumanne nilikuwa nimeudhania ni watu wanapura. Sasa nilielewa mtu aliye majini anasikia nini. Kila pigo lilikuwa linaahidi pigo moja tu lifuatalo, wala si zaidi.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Nkwabi, mfugaji anayetuletea maziwa, juu ya baiskeli yenye madumu mawili. Aliniona tangu mbali, akaanza kutabasamu, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Mwalimu!"

Niliinua kiganja na kuweka kidole mdomoni. Alishuka kwenye baiskeli, tabasamu limemtoka.

"Kuna msiba?" alinong'ona.

Nilitikisa kichwa.

"Nimekukosea?"

Nilitikisa kichwa tena. Nkwabi ni mtu wa adabu. Kukataliwa salamu na mzee ni jambo ambalo angelibeba moyoni mwaka mzima. Lakini alikaa kando yangu na baiskeli yake, akasikiliza nilichokuwa nakisikiliza mimi. Sasa kwenye mpigo kulichanganyika sauti ya nyundo ya mti ikipiga kigingi. Nilihesabu. Kigingi cha kwanza. Cha pili, kilichukua muda. Katikati ya cha tatu mpigo ulikatika, na nilijikuta nimeshika usukani wa baiskeli ya Nkwabi kwa mikono miwili. Kisha ukaendelea, tofauti kidogo, mzito zaidi. Evod alikuwa amebadilisha mkono. Kigingi cha nne nilikisikia kikianza, nikakisikia kikiingia.

Mpigo ukanyamaza, usirudi.

Hapo ndipo nilipoligundua kosa letu. Tulikuwa watu wazima watatu, tumepanga kila kitu tangu jioni, na hakuna aliyefikiria ishara ya kumaliza. Mpigo hukoma mamba akionekana. Mpigo hukoma kazi ikiisha. Mimi niliyesimama nimeligeuzia dimbwi mgongo sikuwa na njia ya kutofautisha, na nilikuwa nimeahidi kutogeuka. Nilisimama. Nkwabi alikuwa ananitazama usoni, na sijui alikiona nini, maana alivua kofia yake.

Matete yalichakarika nyuma yetu. Hatua moja nzito, moja nyepesi, ya mtu anayechechemea.

"Mwangaluka, baba," Dorotea alimwambia Nkwabi, maji yakimtiririka, nyundo ya mti mkononi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mwitikie mwenzako. Umemsimamisha mtu juani bila salamu."

Niliitika. Nilimwuliza Nkwabi habari za ng'ombe, za watoto na za nyumbani kwake, moja baada ya nyingine.

Mtumbwi umelala Mikuyuni hadi ninapoandika haya. Ufa wa nyuma hatutaujua ukubwa wake kabla ya Desemba, mtumbwi utakapoinuliwa. Mamba hajaonekana akiondoka. Dorotea huenda kila Jumapili baada ya misa kuikagua kamba kwenye mkuyu, nami humsindikiza hadi njiani. Anaigusa na kurudi upesi, hayatazami maji. Ameshaanza kumwuliza Evod yale maswali yake, ingawa bado kuna miezi kabla ya kuuinua mtumbwi, na mwishoni ameongeza moja: kazi ikiisha, utafanya nini? Evod hujibu kwamba atabaki palepale ukingoni, kafi mkononi, mgongo kwangu, na kusema kwa sauti ya kusikika hadi njiani, "Shikamoo, Mwalimu."

Nimekubali kusalimiwa hivyo. Nitakuwa nimesimama njiani kama Ijumaa ile, na nisipoisikia salamu hiyo sitajua la kufanya.